Walinzi Wasiopiga Hodi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nalisema hilo mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine. Wapo watu waliozaliwa na akili. Mimi zangu nimepigwa nazo, kofi baada ya kofi, hadi nikadhani dunia imemaliza kunifundisha. Kumbe ilikuwa imepumzisha mkono tu.

Ilikuwa Jumapili ya kipaimara cha Editha, binti wa kaka yangu, hapa Ludilo, juu kwenye baridi ya Njombe ambako mwezi wa sita hata jogoo huwika akiwa amejikunyata. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mlangoni ulisimama upinde wa pumzi, kama ulivyosimama kwenye kila mlango wa watu wengi tangu Mkaba, ugonjwa wa mapafu, uingie nchini. Unapita chini yake, unahema mara moja, taa ya juu inakusoma. Ikiwaka nyekundu, una Mkaba kifuani, unarudishwa nyumbani kwa upole na askari wawili wasio wapole. Ikiwaka kijani, una walinzi tumboni, wale wa kuuzuia Mkaba, karibu pilau. Ikiwaka nyeupe, huna ugonjwa na huna walinzi. Unaruhusiwa kupita, ila utaona watu wanakusogezea kiti cha peke yako.

Tekla Komba alipopita, iliwaka nyeupe.

Tekla ni fundi wa majokofu kwenye ghala la maparachichi. Ni Mngoni wa Songea, alihamia kwetu mwaka jana na bintiye Oliva. Mimi ni Mbena, na Mngoni na Mbena ni watani tangu babu zao walipochoka kuchomana mikuki. Anaweza kuniibia kuku, akanialika kumla, nami nikacheka huku nikitafuna.

"We Mngoni," nilimpokea kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "mwaka wa pili huu taa nyeupe kama sanda. Togwa ya Wabena imekukosea nini?"

"Inanuka Mbena."

Watu wakaangua kicheko.

"Babu yako alimaliza ng'ombe wetu, leo wewe unaogopa kikombe cha uji?"

"Babu yangu alikula ng'ombe akawaacha wachungaji. Nikikutazama, naona alipunguza mahali pasipofaa."

Hapo hata mchungaji wa kanisa alijificha nyuma ya leso. Nilishindwa, na mtu wa utani akishindwa hulipiza. Isitoshe mimi ndiye mkaguzi wa Kituo cha Chachu. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kila mtu anakunywa togwa yenye walinzi. Tarafa nzima ilikuwa imebakiza taa nyeupe za kuhesabika, na hii ilikuwa inanitania mbele ya ndugu zangu.

Tekla alikuwa na chupa yake ya chuma, haachani nayo. Muziki ulipopigwa akaiweka chini ya kiti, akaenda kucheza. Nikaichukua, nikamwaga maji yake kwenye maua ya ukumbi, nikajaza togwa ya mama, ile nzito ya ulezi, kutoka kwenye pipa. Nikairudisha mahali pake kama malaika. Shangazi zangu waliniona. Walifunika midomo kwa khanga.

Akarudi anatoka jasho. Akainua chupa, akarudisha kichwa nyuma, akagugumia. Funda la kwanza, la pili.

"Faini!" niliruka juu ya benchi. "Mngoni kanywa! Kuku mmoja kwa Wabena!"

Vigelegele. Tekla akasimama na funda la tatu mdomoni. Akalitema. Kisha akakimbilia kona ya ukumbi, akaingiza vidole kooni na kujitapisha, na watu wakazidi kucheka wakidhani analipa utani kwa utani. Nilicheka nao. Nataka mjue hivyo. Nilicheka mpaka alipogeuka nikamwona uso.

Alikuja moja kwa moja. Nikafumba jicho moja nikisubiri kofi. Badala yake aliushika mkono wangu akaukandamiza kwenye mbavu zake, juu ya gauni. Chini ya kitambaa nilihisi tuta, mshono mnene kama wa gunia la viazi, umetoka ubavu huu ukaenda ubavu ule.

"Haya mapafu si yangu," alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kurudi nyumbani. "Nimepandikizwa. Kila siku nameza dawa ili mwili wangu usiyafukuze, na dawa hizo zimewalaza askari wangu wote wa mwilini. Kiumbe hai yeyote akiingia, hakuna wa kumuuliza anakwenda wapi. Umeninywesha nini, Mgaya?"

Nikaurudisha mkono nyuma kama mtoto. Mimi, Yeremia Mgaya, niliyewahi kumtania hakimu akiwa ananisomea hukumu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema kule nilikotoka. Wakaanza kushusha sauti nikipita, kama linapita jeneza. Huku nilitaka nitaniwe kama watu."

* * *

Nilimpigia Daktari Sekela palepale nyuma ya ukumbi. Yeye ndiye mkuu wa Kituo cha Chachu, mama wa Kinyakyusa asiyepoteza neno.

"Mpe simu," alisema.

Nikaweka sauti nje ili sote tusikie.

"Mama Oliva, pole. Nisikilize vizuri. Walinzi ni bakteria tuliowatengeneza sisi. Wanakaa utumboni, na utumbo ndiko askari wa mwili wanakofundishwa kazi. Walinzi wanawapigia kwata askari hao, kisha wanawatuma kwenye mapafu wakaungoje Mkaba mlangoni. Kwako wewe hakuna askari wa kupiga kwata, kwa hiyo walinzi wenyewe wanaweza kuvuka utumbo wakaingia kwenye damu. Lakini tuliwawekea kamba. Hawawezi kuishi bila sukari ya Kituo, ile ya kwenye pakiti za buluu. Hiyo haipatikani kwenye chakula chochote duniani. Usipoila, wanakufa njaa kabla ya katikati ya wiki. Jumatano njoo upite kwenye upinde, taa itawaka nyeupe, na utarudi nyumbani."

"Ndivyo nilivyoelezwa nilipohamia," Tekla akajibu. "Ndiyo maana nilimruhusu Oliva anywe shuleni. Akirudi namsukutua mdomo, namnawisha hadi viwiko, ndipo ananikumbatia. Nilijua wakidondoka kwangu wawili watatu, watakufa."

"Sahihi kabisa."

Basi nikapumua. Nikamwambia Tekla faini ya kuku nimeifuta. Hakucheka, ila hakunitukana, na kwa watani hiyo ni dalili njema.

* * *

Jumatano asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai. Tekla alikuja na koti la kazi, mfukoni bisibisi, tayari kuendelea na safari ya ghalani. Daktari Sekela alisimama upande wa pili wa upinde wa Kituo mikono ikiwa nyuma. Mimi nilikuwa nimeandaa utani wa kumpokelea.

Tekla akapita, akahema.

Kijani.

Sijawahi kuona rangi mbaya kama ile. Mwaka mzima nimepiga makofi ikiwaka, nimewabeba watoto begani kwa ajili yake. Sasa ilimwangukia Tekla usoni akawa kama mtu aliyezama majini.

"Umeharibika," nilisema.

Daktari akapita yeye. Kijani. Akazima mtambo, akauwasha, akamwambia Tekla apite tena. Kijani, tena iliyokoza, kama imekasirika kwa kutoaminiwa.

Akachukua pamba, akampangusa Tekla ulimi, akaiweka kwenye kisomaji cha mezani. Kioo kikatoa michoro yake. Mimi sijui kusoma michoro ile, lakini najua kusoma mgongo wa mtu, na mgongo wa Daktari Sekela ulipinda.

"Hawali sukari yetu," alisema. "Wanakula kimea cha ulezi. Wanakula wanga. Wanakula chochote." Akageuka kwangu. "Togwa ile ilitoka kwa nani?"

"Kwa mama."

"Mtungi wake unachemshwa kila wiki?"

Sasa hapa inabidi mnielewe. Mtungi wa togwa kwetu hauchemshwi. Unaacha kiasi chini, tunakiita mama wa togwa, na juu yake unamimina uji mpya. Binti akiolewa anapewa kibuyu cha mama huyo aende kuanzishia mtungi wa kwake. Ukichemsha umemuua mwenye nyumba, na wifi zako watalisema hilo hadi siku ya kukuzika. Kituo kiliandika: maji ya moto kila Jumamosi. Mimi nilikuwa nafika, nagonga mtungi kwa kidole, nasema "Umechemshwa huu?" na wenye nyumba wanajibu "Umechemshwa, baba," na sote tunajua. Ningefanyaje? Nimwambie mama yangu amuue mama wa togwa aliyetoka kwa bibi yake?

"Mgaya, nimekuuliza."

"Hauchemshwi. Hakuna unaochemshwa, Daktari. Tarafa nzima."

"Kwa hiyo waliishi humo," alisema, akiongea na kisomaji kuliko na mimi. "Kizazi juu ya kizazi, vizazi vingi kwa siku moja, kwenye mitungi yote hii. Waliojua kula kimea wakabaki, wengine wakafa. Na mabibi harusi wakawahamisha."

Tekla alikuwa amekaa kwenye benchi, bisibisi mkononi. "Mna dawa?"

"Dawa za kawaida haziwaui. Tuliwatengeneza hivyo makusudi, ili mtu akimeza dawa ya jino asiwapoteze."

"Nikiacha dawa zangu, askari wangu wakaamka?"

"Mwili utayakataa mapafu kabla haujawamaliza walinzi."

"Na hospitali?"

"Nimekwisha piga. Vyumba vya kufungwa vimejaa wagonjwa wa Mkaba. Mbeya watoto wanalala wawili wawili kitanda kimoja. Wamesema nisubiri."

Nilikumbuka kitu. Mkaguzi lazima ajue kila kilichomo kwenye Kituo. "Kuna Mfuto," nilisema.

Daktari alinitazama vibaya, lakini Tekla alikwisha sikia. Mfuto ni kirusi kinachokula bakteria, na hakili bakteria mwingine ila walinzi. Tulipewa tangu mwanzo, kikae kwenye jokofu, ili walinzi wakiharibika tuweze kuwafuta. Kinawafuata popote walipo na kinahama wanavyohama, kwa mate, kwa vikombe, kwa mikono isiyonawiwa. Akinywa mmoja leo, siku chache zijazo walinzi wa tarafa nzima wamefutwa.

"Tutafuta, kisha tutapanda upya," nilisema haraka. "Tunaanza moja. Pakiti za buluu zipo, nimezigawa mwenyewe juzi."

"Zile pakiti ni sukari ya chai," alisema Daktari Sekela.

Nilidhani ananitania, na huyu mama hatanii.

"Sukari ya Kituo ilikatika mwezi wa nne. Kiwanda cha pwani kilifungwa kwa Mkaba, na mbegu ya awali ya walinzi ilikuwa hukohuko. Nikaona nikisema, watu watakimbia milima hii usiku na mchana kutafuta pa kujificha, na watakutana na ugonjwa njiani. Nikajaza sukari ya dukani kwenye pakiti. Kila asubuhi nilisubiri taa zianze kuwa nyeupe. Hazikuwa. Nilifikiri ni muujiza, na Jumapili kwenye simu nikasema nilichotamani kiwe kweli." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe ilikuwa ni mitungi yenu michafu. Hao walioko matumboni ndio wote tulionao. Wakifutwa, hakuna wengine."

Nikaketi sakafuni. Nilikuwa nimegawa zile pakiti nyumba kwa nyumba nikiwatania kina mama kwamba nimewaletea posa. Tekla akatutazama sote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama anavyotazama jokofu lililoungua, akiamua waya gani ulianza.

"Haya," alisema. "Nani atamchukua Oliva leo asirudi nyumbani kwangu?"

* * *

Ijumaa homa ilikuwa imempanda. Tulimlaza kwenye chumba cha mapumziko cha Kituo, dirisha likitazama uwanja wa shule. Alikuwa anahema kwa mafungu, kama mtu anayepanda kilima na debe kichwani. Oliva alikuwa anakaa kwa mama yangu, na alikuwa hajaambiwa zaidi ya kwamba mama ana kazi ghalani.

Nilikaa naye asubuhi nzima. Yeye ndiye aliyeanza utani.

"Mbena amenyamaza. Kweli nakufa."

"Hufi."

"Umeniibia maji, sasa unataka kuniibia na kifo?"

Nikatoka. Ufunguo wa jokofu ninao mimi. Nilifungua, moshi wa baridi ukanimwagikia miguuni, nikachukua kichupa cha Mfuto, kidogo kama kidole gumba cha mtoto. Nikakipasha kwa viganja.

Niliporudi, Daktari Sekela alikuwa amesimama kati ya mlango na kitanda. Sijui aliniona dirishani au alinijua tu.

"Weka chini, Mgaya."

"Nikiweka chini, anakufa."

"Usipoweka, mwezi ujao tutachimba makaburi mafupi."

"Labda! Labda Mkaba hautapanda huku. Labda utakuwa umechoka. Watoto wana miili yao, wataupiga. Huyu hana labda, Daktari, huyu ana leo."

"Watoto wa Mbeya nao walikuwa na miili yao."

"Mimi ndiye niliyemnywesha!"

"Ndiyo. Na sasa unataka ujisikie vizuri kwa vifua vya watoto wa watu."

Lilinichoma, maana lilikuwa nusu kweli. Nami nikamchoma mahali pake. "Heri mimi nilimdanganya mmoja. Wewe umeidanganya tarafa na sukari ya chai, na leo unanifundisha uadilifu?"

Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, jambo ambalo sikujua linawezekana kwa mama yule.

"Kama ningekuwa na njia," alisema, "ningekwisha mpa. Nimepima usiku na mchana. Nikimfungia humu peke yake, maji atakayoogea yanakwenda mtoni. Nguo zake zinafuliwa na mtu. Mimi nitakayemhudumia nina mikono. Kirusi kitatoka, Mgaya. Kitatoka."

"Basi kitoke! Na tusimwambie mtu. Tukiita mkutano, nusu watakuja kumchungulia kama mnyama, nusu watakuja na mawe. Kuuliza ni kuchelewa. Wewe hukuuliza ulipobadilisha pakiti, na watu wako hai."

Hapo, naapa, Daktari Sekela alisita. Niliona mkono wake ukiachia mlango. Na jambo lililonishtua kuliko yote ya wiki ile ni hili: nilitamani aendelee kunizuia. Nilikuwa nimekishika kichupa mbele yangu, njia iko wazi, na nilikuwa nasikia watoto wakiimba jedwali la kuzidisha ng'ambo ya uwanja.

Nikapita. Nikapiga goti kando ya kitanda. Nikang'oa kizibo.

"Kunywa, mtani," nilisema. "Nililiharibu mimi, acha nilitengeneze mimi. Hutakuwa umemkosea mtu. Hukuomba wewe. Dhambi yote weka kwangu."

Tekla alifungua macho. Alikipokea kichupa, akakishika kwa vidole viwili akikiangalia kwenye mwanga wa dirisha, kama fundi anayekagua kipuri cha kubandika. Alipumzika. Akahema. Akapumzika tena, tukasubiri, Daktari mlangoni na mimi chini.

"Mmemaliza kuniamulia?" aliuliza.

Daktari akasogea karibu na kitanda.

"Unajua haya mapafu yalikuwa ya nani? Dereva wa lori wa Makambako. Tulilazwa wodi jirani. Alijua hatoki, akaniita, akasema kwa mdomo wake, mbele ya mkewe: dada, nikienda, chukua." Akanirudishia kichupa, akakibonyeza kiganjani mwangu. "Basi nenda hapo shuleni, darasa la pili, kamwombe Oliva mapafu yake. Akikubali, urudi uninyweshe."